Kichwa Kilichoachwa Nusu

Ti. Kimya kidogo, halafu ti tena, kama mtu anayedondosha punje za mahindi ndani ya kopo. Mama alifumbua macho gizani, akanyoosha mkono upande wa mumewe, akakuta shuka limeshapoa. Akatega sikio. Sauti ilitoka chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, ambacho mumewe alikifanya chumba cha kunyolea tangu walipohamia nyumba ile wakiwa bado wageni wa kila mtu.

Alijifunga nguo akaenda. Kinyozi alikuwa amesimama juu ya kigoda, tochi ameibana kwapani, anafungua kioo kikubwa cha ukutani. Kila skrubu iliyotoka aliitia kwenye kopo la poda. Ndiyo iliyokuwa ikilia.

"Hata hakujakucha," mama alisema.

"Vioo anakuja asubuhi. Sitaki anikute nahangaika."

"Akikukuta unahangaika atakufanya nini? Si mwanafunzi wako?"

Vioo alijifunza kazi katika chumba hiki. Siku hizi alikuwa na saluni yake mjini, imejaa vioo mpaka darini, na watu wakampa jina hilo naye akalipenda. Leo alikuwa anakuja kununua viti viwili vya kunyolea na kioo kile. Baada ya hapo Kinyozi angeanza kazi ya kulinda lango la ghala la saruji.

"Wewe ulinde ghala," mama alisema. "Wewe ambaye ukisikia panya unaniamsha mimi."

Zamani angecheka. Sasa aligeuza bisibisi tu.

Mama alikaa kwenye kiti cha kwanza, akainuka hapo hapo akahamia cha pili, kwa sababu cha kwanza kilikuwa na springi inayochoma. Alikuwa mtu wa kufua mashuka ya hospitali, na siku hiyo hakuwa na zamu. Alikuwa amejipangia kulala.

"Nimekuuliza kwa upole, nimekuuliza kwa ukali," alisema. "Kama ni mgongo, sema ni mgongo. Kama macho hayaoni, sema. Mtu haachi kazi ya maisha yake hivi hivi, kama anayeacha soksi."

Kinyozi alishuka kigodani. Kioo kilikuwa kimeshikwa na skrubu moja tu sasa, kimeinama kidogo, na wote wawili walionekana ndani yake wameinama vilevile.

"Yule afisa aliyeleta habari alisemaje?" aliuliza.

"Unajua alivyosema."

"Sema wewe."

"Alisema mtoto alikuwa nje ya handaki, ananyoa wenzake, kombora likaanguka."

"Basi."

"Basi nini?"

"Nani alimfundisha kunyoa?"

Maneno yale ya afisa mama alikuwa akiyalalia kama mto. Kila usiku alijiambia, angalau mwanangu alikuwa anafanya kazi aliyoipenda, mikono yake ilikuwa juu ya kichwa cha mwenzake, pengine walikuwa wanacheka. Hakuwahi kufikiri kwamba mumewe, ubavuni mwake, alikuwa amelalia maneno hayo hayo kama jiwe.

"Wenzake walikuwa ndani ya handaki," Kinyozi alisema. "Angekuwa fundi viatu angeshonea ndani. Angekuwa hajui chochote angelala ndani. Alitoka kwa sababu kinyozi anataka mwanga. Mimi ndiye niliyemwambia, usinyoe mtu gizani, utamkata. Nilimwambia mara ngapi?"

"Baba yake."

"Nilimwambia kila siku." Aliifunga tochi ndani ya kitambaa, akaiweka chini polepole kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Siwezi tena kushika kichwa cha mtu. Nikikishika nakiona chake."

Mama alitaka kumwambia kwamba sivyo. Lakini hakuwepo huko, na mumewe hakuwepo, na neno la mtu ambaye hakuwepo lingemfaa nini? Akaenda kuwasha moto wa chai.

*

Vioo alifika jua limeshatoka, na pikapu ya kuazima inayotoa moshi mweusi. Alifuta miguu mlangoni kama alivyofundishwa zamani, akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa upara mtupu.

"Shikamoo mwalimu. Shikamoo mama. Na wewe dada mdogo, bado hujaolewa?"

Binti wa nyumba, aliyekuwa akivaa viatu aende kwenye kibanda chake cha kushona sare, alimwangalia kutoka juu mpaka chini. "Bado. Nasubiri mwenye nywele."

Vioo alicheka kuliko wote. Halafu akakumbuka amekuja kufanya nini, akaacha kucheka. Alizunguka viti, akabonyeza cha kwanza, sponji ikatokeza kwenye mshono.

"Hiki kimezeeka, mwalimu."

"Hata mimi."

"Nitaviweka kona ya wazee. Kuna wazee hawataki viti vyangu vya kuzunguka, wanasema vinawapa kizunguzungu." Akaona sura ya mama, akaongeza kwa haraka, "Sitavitenganisha. Na sitampa mtu wa vyuma chakavu. Hilo naapa."

Hakuomba apunguziwe bei, na mama aliliona hilo. Aliona pia kwamba alikuwa amekuja na blanketi lake la kitandani ili ngozi ya viti isichubuke ndani ya gari. Lakini kiti kilipopita mlangoni kikagonga fremu, na rangi ikabanduka, na jirani aliyekuwa akifagia ng'ambo ya barabara akasimamisha ufagio.

"Mnahama?"

"Tunafanya usafi," Kinyozi alijibu.

Jirani aliangalia kiti kikipandishwa garini, miguu juu kama ng'ombe aliyefungwa. "Usafi mkubwa huo," alisema, akainamia ufagio wake.

Binti alisahau kibanda cha kushona. Alisimama kwenye mlango wa ndani, mkoba begani, anamtazama baba yake. Alikuwa amevimba macho. Siku hizi katika nyumba ile kila mtu alipima maneno kabla ya kuyatoa.

Vioo alikuwa bado garini anakifunga kiti kamba wakati kijana mmoja alipotokea mlangoni. Alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi kwa uangalifu mwingi, na nywele zake zilikuwa kubwa, zimesimama kila upande, hazijaguswa na kitana siku nyingi.

"Shikamoo baba. Naweza kunyolewa?"

"Marahaba. Tumefunga, mwanangu. Nenda mjini, muulize mtu yeyote kwa Vioo."

Kijana hakuondoka. Alitazama ukuta, akatazama kioo kilichoinama, akatazama sakafu mahali kiti cha kwanza kiliposimama, ambapo sasa palikuwa na alama nne za miguu yake. Akawa kama mtu aliyepotea nyumbani kwao.

"Kiko wapi kile chenye springi?" aliuliza.

Kinyozi aligeuka.

"Kile kinachochoma," kijana alisema. "Kile mnachomkalishia mteja msumbufu ili asikae sana."

Sufuria ya chai ilichemka jikoni ikamwagikia moto, na hakuna aliyekwenda kuiepua. Ile ilikuwa siri ya chumba. Haikuwahi kutoka nje kwa sababu wateja wasumbufu wangekasirika.

"Nani amekwambia habari hiyo?" Kinyozi aliuliza.

"Saluni ameniambia."

"Saluni ndiyo nani?"

"Sisi tulimwita hivyo, baba. Kikosi kizima. Hata mkubwa wetu, akimtafuta, alisema, niitieni Saluni."

Mama alishika ukingo wa meza. Binti aliweka mkoba chini. Kinyozi alikivuta kiti cha pili, cha pekee kilichobaki, akakigeuza kimtazame kijana.

"Kaa," alisema. "Kaa, mwanangu."

*

Kijana alikaa kwenye ncha ya kiti, mikono katikati ya magoti, na kwa muda aliongea na sakafu. Alisema alikuwa ameanza safari ya kuja hapa mara kadhaa na kila mara akateremka njiani. Alisema mama yake ndiye aliyempigia shati pasi leo na kumwambia, safari hii ukiteremka, usirudi nyumbani na shati langu safi.

"Jina lako?" mama aliuliza.

"Yeye aliniita Kichaka. Kwa ajili ya hizi." Aligusa nywele. "Alisema kichwa changu kinaweza kuficha jeshi la adui."

Binti alicheka, mara moja, kama chafya, akajiziba mdomo. Ulikuwa mzaha wa kaka yake kabisa.

"Mama," Kichaka alisema, "nimekuja kusema jambo, mkitaka kunifukuza mtanifukuza. Mimi ndiye niliyekuwa nanyolewa siku ile."

Kinyozi, aliyekuwa amesimama, alikaa kwenye kigoda.

"Alikuwa ameshaninyoa upande mmoja. Tulikuwa nyuma ya ukuta wa shule moja iliyobomoka, pazuri tu, palikuwa na kivuli na mwanga. Hapakuwa na hatari pale, baba. Tulikaa pale siku zote, tulipikia pale. Tukasikia mtu anaita kutoka barabarani. Mwenzetu mmoja alikuwa amepigwa risasi ya mguu, walitakiwa watu wa kushika machela. Saluni akaniambia, kaa hapo hapo, usitikise kichwa, sijamaliza. Akaenda. Nikakaa, nikamtii. Wakambeba yule mwenzetu mpaka wakamleta nyuma ya ukuta. Saluni akarudi barabarani kuchukua begi la yule mgonjwa, na kombora likaangukia barabara."

"Barabara," Kinyozi alisema.

"Barabara, baba."

"Hakuwa ananyoa."

"Alikuwa ameacha. Mashine yake ya mkono aliiacha mapajani mwangu."

"Afisa alisema ananyoa." Kinyozi alizungumza polepole, kama anayesoma kwa shida. "Afisa alisimama hapo, pale uliposimama wewe, akasema alikuwa nje, ananyoa."

"Afisa hakuwepo, baba. Alikuja jioni. Akakuta taulo begani kwa Saluni, kitana mfukoni, na mimi nusu kichwa. Akaunganisha mwenyewe. Hakuuliza mtu. Na mimi sikuwa katika hali ya kuulizwa."

Vioo alikuwa amerudi kutoka garini kuchukua kiti cha pili. Alisimama kizingitini, kamba mkononi, akaelewa kwamba hapaswi kupita, akabaki hapo hapo.

Mama ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo. "Aliteseka?"

"Hapana mama. Nilimfikia bado nina kitambaa shingoni. Sikudanganyi. Angekuwa ameteseka ningekuja kwako nikanyamaza, lakini nisingesema uongo. Alikuwa ameshapumzika."

Mama aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka bila kelele, naye akayaacha, kwa sababu yalikuwa tofauti na yale ya kila siku. Yale yalikuwa na swali ndani yake. Haya hayakuwa nalo.

"Na yule wa mguu?" binti aliuliza.

"Mzima. Anauza mayai kwao. Ana kisirani, kila kitu analalamika, hata kuku wakitaga wengi analalamika. Lakini mzima, ana mke, ana mtoto."

Kichaka alijifuta uso kwa kiganja. "Sasa mjue ninalolala nalo. Machela ilihitaji watu. Yeye alikuwa amesimama, mimi nimekaa. Ningeinuka kwanza, ningekwenda mimi. Aliniambia kaa, nikakaa kama mtoto wa shule. Mpaka leo nikiambiwa kaa na kinyozi, siwezi. Upande ulionyolewa ulipoota, huu mwingine ulikuwa umeshakuwa hivi. Muuguzi mmoja akaniambia nafanana na shamba lililokimbiwa na mwenyewe. Nikaziacha zote."

Aliposema hivyo alimtazama Kinyozi kwa mara ya kwanza, kama mtu anayesubiri hukumu. Na Kinyozi naye alikuwa akimtazama vilevile. Wanaume wawili, kila mmoja alikuwa amemuua kijana yule yule moyoni mwake, na kila mmoja hakujua kwamba ana mwenzake.

"Alikuwa amesimama kwa sababu kinyozi husimama," Kinyozi alisema taratibu. "Unaona? Bado ni kazi yangu."

"Acha," mama alisema.

Hakupandisha sauti, lakini wote waligeuka.

"Acheni nyote wawili. Wewe Kichaka, hata ungekuwa umesimama mlangoni na machela mkononi, angekupita. Na wewe baba yake, hata ungemfundisha ushonaji, angetupa sindano akaenda. Mnamjua, au mnamfikiria tu? Nani katika nyumba hii aliwahi kumtangulia mtoto yule akisikia mtu anaita?"

"Hakuna," binti alisema. Alikuwa anacheka na kulia. "Nikiitwa mimi, anaitika yeye. Mama anaita jina langu niende nikateke maji, namsikia kaka huko anasema, naam, na ndoo ameshashika. Nilidhani ananipenda. Kumbe hakuweza tu kukaa."

"Alikupenda pia," mama alisema. "Lakini hakuweza kukaa. Alipokuwa mdogo, mwendesha mkokoteni akipiga kelele huko barabarani watu wapishe, yeye anatoka kwenda kusukuma. Nimemfukuza mara ngapi na mwiko mkononi? Hukumfundisha wewe hilo. Wala mimi. Alikuja nalo."

Kinyozi aliangalia mikono yake, akaigeuza viganja juu, kama mtu aliyetua mzigo na bado anausikia mabegani. Halafu akapumua. Pumzi ile ilikuwa ndefu, na mama, ambaye alikuwa amelala kando ya mtu huyu maisha yake yote ya utu uzima, alijua hajamsikia akipumua hivyo tangu afisa alipoingia na kofia yake mkononi.

"Alianzia upande gani?" Kinyozi aliuliza.

"Nini, baba?"

"Kichwa chako. Alianzia wapi?"

"Kulia."

"Kulia?" Kinyozi alisimama. "Nilimfundisha aanze nyuma. Kila mara nyuma, unapata mstari."

"Alituambia hivyo. Alisema, baba yangu angeniona angenitandika. Lakini mtu akianziwa nyuma haoni kitu kwenye kioo, anakosa raha. Alisema askari hana raha nyingi, aanziwe anapoona."

"Mlikuwa na kioo?"

"Kipande cha kioo cha lori."

Kinyozi alitikisa kichwa, akaguna. Ulikuwa mguno wa kazini, ule wa kumkosoa mwanafunzi, ambao haukuwa umesikika chumbani humo siku nyingi. Akachukua kitambaa cheupe kutoka kwenye sanduku lililokuwa limeshafungwa, akakikung'uta, akamfunga Kichaka shingoni. Kijana alishtuka akashika mikono ya kiti.

"Ukitaka kusimama, simama," Kinyozi alisema. "Tikisika unavyotaka. Nitakufuata na mkasi."

"Nitajaribu kukaa, baba."

"Vioo."

"Naam, mwalimu."

"Kirudishe kioo mahali pake. Skrubu ziko kwenye kopo."

Vioo aliitupa kamba barazani. Akapanda kigodani, akakaza skrubu moja moja, na kwa sababu mikono yake ilikuwa na haraka ya furaha aliangusha moja ikabiringika chini ya meza, binti akapiga magoti kuitafuta. Kioo kiliponyooka, Kinyozi alimgeuza Kichaka akitazame. Kisha akaanza, upande wa kulia.

Alinyoa polepole sana. Mwanzoni alisimamisha mkasi hewani kwa muda, na Kichaka akamsubiri. Baadaye walizungumza. Kinyozi aliuliza Saluni alikuwa anatumia mafuta gani kwa mashine, na alipoambiwa ni ya kupikia alisikitika kweli. Aliuliza kama watu walipanga foleni. Kichaka akasema walipanga, na kwamba wengine walikuja hawana hata unywele wa kunyoa, walitaka tu kusikia habari za chumba hiki: mteja anayelala na kukoroma, mteja anayekuja na mke wake ampe amri kinyozi, baba anayesema niazime shingo yako.

"Alisema hivyo? Niazime shingo?"

"Kila kichwa, baba."

Mama alileta chai iliyobaki sufuriani. Haikuwatosha wote, hivyo Vioo akasema yeye ameshakunywa, na kila mtu akajua ni uongo wa heshima. Jirani wa ufagio alikuwa ameingia barazani akijifanya anatafuta kuku wake. Nywele zilianguka sakafuni mafungu mafungu, na chini yake kikatokea kichwa cha kijana, kidogo kuliko walivyotarajia, chenye kovu la utotoni nyuma ya sikio.

"Kumbe ni mzuri," binti alisema, halafu akaona haya akaenda kuchukua ufagio.

Kinyozi alipomaliza alimpaka poda, akamkung'uta shingo, akarudi nyuma hatua akaangalia kazi yake kwa jicho moja. Kichaka alijitazama kiooni. Alipitisha kiganja kulia, akapitisha kushoto, akarudia. Mabega yake yalishuka, yakakaa mahali mabega ya mtu yanapokaa.

Nje, Vioo alikuwa ameshafungua kamba. Aliingia na kiti cha kwanza kichwani, anahema, akakitua juu ya alama zake nne.

"Nimekuharibia biashara," Kinyozi alimwambia.

"Mwalimu, wale wazee wangu watakuja huku huku. Nitawaleta mwenyewe, wananichosha."

Waliongozana wote mpaka barabarani. Mama alimfungia Kichaka mkate kwenye karatasi ampelekee mama yake, pamoja na salamu kwamba shati limefika likiwa safi. Alipopokea, kijana alishika mikono yake yote miwili kwa muda, naye akamwacha ashike.

Kinyozi alisimama kando, anasugua kiganja kwa kiganja.

"Nywele zako zinaota kwa fujo," alisema mwishowe. "Mwezi hautaisha zitakuwa zimesimama tena."

"Ndivyo zilivyo, baba."

"Sasa utakwenda kwa nani? Hawa vijana wa mashine watakuharibu."

"Mimi nipo, mwalimu," Vioo alisema kutoka garini.

"Nimesema hawa vijana wa mashine."

Kichaka alitabasamu. "Ni mbali kidogo, baba. Nabadilisha basi njiani."

"Najua ni mbali. Sijasema si mbali. Nasema tu kwamba kichwa kikishazoea mkono…" Alitazama barabara, akatazama viatu vyake.

"Anachotaka kusema," mama alisema, "ni uje tena."

"Ndiyo," Kinyozi alisema. "Uje tena. Hata kama hazijaota."